Jina la Colman Gilhooly, Lisomwe kwa Sauti

Mwaka umetimia, Colman, tangu uliposema unajinyoosha kidogo kabla ya chai, ukalala moja kwa moja. Chai ilipoa mezani. Tumechoka, na hatuoni haya kukuambia, maana hata wewe uchovu ulikuwa ndugu yako.

Ulikuwa mwalimu hapa Drumkeelan. Kisha ukaandika *Manyoya*, kurasa mia tatu za mjane mmoja jikoni akimnyonyoa bata bukini wa Krismasi, pamoja na yote yaliyompita kichwani siku hiyo. London walisema riwaya haijawahi kuandikwa hivyo. Huku kwetu Padre Lavelle alisimama altareni akasema mjane mwenye heshima hawezi kuwaza mambo yale. Wajane walitazama chini. Ukaachishwa ualimu, ukaenda kupima maziwa kiwandani.

Hukununa. Asubuhi uliandika sentensi kabla ya kazi, jioni ukaikata.

"Leo vipi?" Delia mkeo alikuuliza.

"Nimeandika moja, nimefuta mbili. Tunarudi nyuma, mke wangu."

Na waliokuita mpotovu mchana walibisha hodi jioni, uwaandikie barua watoto wao walioko Boston. Uliwaandikia vizuri, ukawapa na chai. Kitabu chako walikuwa nacho, wamekivika jalada la maisha ya watakatifu.

Padre alikukataza kuingia kanisani mpaka ukikane kitabu. Hukukikana, na misa hukukosa. Miaka yote hiyo ulisimama nje ya mlango, mvua inyeshe isinyeshe, na kengele ya mageuzo ya mkate na divai ikilia ulitandaza kofia yako kwenye tope, ukapiga goti moja juu yake. Delia alikuwa ndani, na kila Jumapili nyumbani aliikausha kofia hiyo kando ya moto wa mboji kavu, kuni za huku kwetu. Kazi hiyo nayo imekwisha, na mikono yake haijui iende wapi.

Siku ya kukuzika Padre alimwombea "marehemu huyu". Jina halikumtoka. Kwa hiyo mwaka huu tulitaka kitu kimoja tu, jina lako litajwe kwa sauti kwenye misa yako. Binti yako Imelda alikwenda kumwomba, ameliandika vizuri kwenye karatasi.

"Akikane kitabu kwanza," Padre akasema.

"Amekufa, Padre."

"Basi amechelewa. Na karatasi yako rudi nayo, mwanangu, macho yangu yamekwisha. Siku hizi hata matangazo ya vifo gazetini nasomewa na Bi. Tynan, kila Ijumaa nikinywa chai. Neno kwa neno, sitaki aruke hata moja."

Imelda alimshukuru, akarudi nyumbani akicheka peke yake njiani, mara ya kwanza tangu ututoke. Misa yako imesomwa bila jina. Tulisimama nje ya mlango, sote watatu, mkeo, binti yako na dada yako, na hapana aliyetuuliza kwa nini.

Leo ni Ijumaa, na tangazo hili limo gazetini. Bi. Tynan, tafadhali, polepole: Colman Gilhooly, mwandishi wa *Manyoya*. Mume wa Delia. Baba wa Imelda. Kaka wa Concepta.

Siku zote tutakukumbuka, Colman, hata kwa uchovu huu.

Bi. Tynan, Padre akijifanya hakusikia, lirudie jina.