Mgongo wa Kabati la Mfalme

Toronto

Ndugu yangu Salim,

Mola aibariki karakana yako na mikono yako. Hapa makumbushoni nimeliona kabati la mfalme wa Ufaransa, la zaidi ya miaka mia mbili: maua ya vipande vya mbao, vishikio vya shaba iliyopakwa dhahabu. Nikainama kuchungulia mgongo wake.

"Babu, umeangusha nini?" akauliza mlinzi, binti wa Mombasa.

"Natafuta alama za randa, mwanangu."

Hazikuwapo, mbao zilijaa makovu ya msumeno. Akacheka: "Kwani mfalme aliligeuza?"

Nami nililikataa kabati lako la misahafu ya msikiti kwa kuwa hukuupiga randa mgongo! Niwie radhi. Lipeleke msikitini, uliegemeze ukutani. Nikijaaliwa kurudi, nitalisifu kwa mbele.

Kakako akupendaye,
Maalim Hamadi