Saint-Malo, Maji Yalipojaa

Hayes, London

Dada yangu Zuwena,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu ikufikie hapo Wete ulipo. Goti linaendeleaje? Salma aliniambia umeanguka barazani na kwamba siku hizi unasali umekaa kitini. Mungu akuafu. Mimi mwili wangu mzima. Wiki mbili hizi nimekuwa nikiliona jina lako kwenye simu na kuiacha ilie mpaka inyamaze. Usinikasirikie. Nikiisikia sauti yako nitalia, na haya ya leo nataka niyaseme mpaka mwisho. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Baba Salma hayupo nyumbani tena. Hajafa, usishtuke. Nimempeleka nyumba ya kulelea wazee, mimi mwenyewe, na karatasi zote nimetia saini mimi.

Acha nikueleze ilivyokuwa.

Wewe ulikuwa ukinicheka kwa zile picha za Ufaransa nilizokuwa nikikuletea kila mwaka. Ukiniuliza, kwani Uingereza haina bahari? Inayo. Lakini nilipoletwa huku bibi harusi, miezi ile ya mwanzo nilikuwa silali wala sili, nalilia kwetu tu. Baba Salma alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege. Kwao hakuwa amerudi tangu alipokimbia akiwa kijana, na miaka ile alikuwa bado hathubutu. Siku moja akaniambia, "Asha, kwetu siwezi kukupeleka. Lakini pwani nitakupeleka." Tukapanda basi mpaka Dover, tukavuka na feri, tukaingia Boulogne. Pale bandarini wake wa wavuvi wanauza samaki kwenye meza zao, samaki wengine bado wanatapatapa. Akapatana bei kwa vidole, akanunua changu, au samaki kama changu, nasi hatuna jiko wala sufuria. Tulicheka mpaka machozi. Samaki tukampa mwenye nyumba ya wageni, naye akatupikia.

Basi ikawa desturi. Kila kiangazi mji mmoja. Dieppe, ambako ufuko wote ni kokoto na nilikuwa nikitembea kama kuku juu ya makaa. Honfleur, nyumba zake nyembamba zimesimama zimebanana kandokando ya maji. La Rochelle yenye minara miwili kwenye mlango wa bandari. Marseille tulifika kwa treni, Salma akiwa na miaka saba, tukaingia duka la mama mmoja wa Kingazija. Yeye akasema kwa lugha yake, sisi tukasema kwa yetu, tukaelewana nusu kwa nusu, na jioni tukawa tunakula wali kwake. Mimi mji wangu ulikuwa huo. Baba Salma wake ulikuwa Saint-Malo. Ule mji umezungukwa na ukuta wa mawe, unapita juu yake ukiitazama bahari pande zote, na ndani vichochoro vimejikunja. Na maji yake, dada, yakipwa yanakwenda mbali kabisa kama kwetu. Watu wanavua viatu na kutembea kwa miguu mpaka visiwani. Alikuwa anaweza kukaa pale siku nzima asiseme neno.

Maradhi yake ya kusahau unayajua. Alianza na funguo, kisha njia ya msikitini. Kufikia mwaka huu alikuwa ananiita "mama," kwa adabu, kama unavyomwita mama usiyemjua uliyepanda naye basi. Kila asubuhi nikimpa chai ananiambia, "Ahsante mama, Mungu akulipe." Hujui neno hilo lilivyokuwa likinikata.

Nikajiambia nimpeleke Saint-Malo. Salma hakutaka. Aliniambia baba yake hawezi safari. Mimi nikashika langu. Nilikuwa nimejidanganya kwamba akiyaona yale mawe na zile kuta atageuka aniite jina langu. Sikutaka zaidi ya hapo. Jina langu mara moja tu.

Siku ya kwanza alikuwa mzuri. Alikula, alitembea juu ya ukuta ameshika mkono wangu, akawaamkia watu wote. Siku ya pili baada ya chakula cha mchana tukakaa ufukweni kwenye benchi. Maji yalikuwa yametoka. Mbele yetu kulikuwa na njia ya mawe inayokwenda mpaka kwenye kisiwa kidogo, watu wanakwenda na kurudi. Nikamwambia, "Kaa hapa baba Salma, nakwenda msalani, narudi sasa hivi." Akasema, "Haya mama."

Msalani kulikuwa na foleni. Dakika kumi, labda na tano. Niliporudi benchi lilikuwa tupu.

Nilipanda ngazi za ukuta mbio, umri wangu huu, ili nione mbali. Nikamwona. Amekunja suruali magotini, viatu ameshika mkononi, anakwenda kwenye ile njia ya mawe peke yake, na watu wengine wote wanarudi. Wanarudi kwa sababu maji yanajaa. Mimi mtoto wa pwani, dada. Mimi na wewe tuliokuwa tukiokota chaza, tukijua kwa kutazama tu maji yamebakisha muda gani. Nilikaa kwenye benchi lile saa nzima, na sikuangalia maji. Nilikuwa nikiuangalia uso wake, naona kama amenikumbuka.

Nilipofika chini njia ilikuwa imekatika katikati. Nilipiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, hata sijui nilisema nini. Msichana mmoja aliyekuwa akifundisha watoto kuogelea aliacha wanafunzi wake akaingia majini. Nami nikaingia nyuma yake na nguo zangu zote. Maji yalikuwa yamemfika baba Salma mapajani, anasukumwa, na bado anakwenda mbele. Yule msichana akamshika mkono. Mume wangu akampiga, dada. Mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mwanawe.

"Niacheni! Mama ananingoja ng'ambo. Nimemwambia leo nafika."

Mama yake alikufa mwaka ule ambao Salma alizaliwa. Barua ilimfikia baada ya arubaini, na hakuweza kwenda. Hakulia mbele yangu siku ile, wala siku nyingine yoyote.

Nikamkumbatia kiunoni, tukamvuta watu wawili mpaka kwenye mchanga. Alikuwa anatetemeka meno yanagongana. Nikamwambia, "Ni mimi, Asha. Asha mkeo." Akanitazama vizuri, macho yametulia kabisa, akasema, "Mke wangu hajafika bado. Yuko Pemba. Nimempelekea tiketi, namsubiri."

Yule msichana hakuelewa neno, lakini aligeuka akatazama pembeni.

Hotelini wakatupa mablanketi na chai. Daktari akaja, akasema moyo wake mzima. Nikampigia Salma. Wewe unamjua, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza tangu yuko mdogo. Siku hiyo alinijibu kwa Kiswahili, pole pole, anatafuta kila neno: "Mama, mimi na wewe hatuwezi tena." Nilipomsikia anasema hivyo kwa lugha yetu nikajua mambo yamekwisha.

Tuliporudi London akaja bibi kutoka ofisi ya ustawi, mtu mwema, akamuuliza baba Salma anaishi na nani. Akajibu, "Na huyu mama. Ananitunza vizuri. Lakini sijui nimemkosea nini mumewe hata haji kumchukua."

Na mimi, dada, miaka ishirini na mbili nimefanya kazi kwenye nyumba kama hizo. Nimewaogesha baba za watu, nimewakata kucha, nimewafumba macho. Nilikuwa nikiwaona watoto na wake wanawaleta wazee wao na sanduku moja, wanakaa nusu saa huku wanatazama saa, na moyoni nilikuwa nikiwahukumu. Nasema, sisi hatuna hayo. Sisi hatuwatupi watu wetu. Sasa nimesimama mlangoni pale pale, na sanduku, na kijana wa kazi ananiambia, "Usijali, atazoea," maneno yale yale niliyokuwa nikiwaambia watu. Nikajua kwamba hayasaidii kitu.

Najua utasema nimrudishe Pemba. Ulishasema kwenye simu mara mbili. Daktari amekataa asipande ndege. Na tukifika, tutamfikishia nani? Nyumba yao ina watu wengine, ndugu zake wamekwisha wote. Atatafuta mama yake mji mzima, na bahari iko hapo hapo mlangoni.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kumwona. Wamemkata ndevu fupi sana, anaonekana kama mtu mwingine. Nilimpelekea mkate wa ufuta na pweza kidogo, nikamlisha, akala vizuri. Nikamkata kucha. Tulikaa hivyo mpaka jua likaanza kuzama dirishani. Akanishika mkono, nikadhani, labda.

Akasema, "Inuka mama, uende zako. Umenikalia vya kutosha. Una mume nyumbani, asije akakaa na njaa kwa ajili yangu."

Nikasema, "Haya baba." Nikavaa koti langu, nikapanda basi, nikarudi.

Salamu zangu kwa shemeji, mumeo, na mwambie tasbihi aliyoniletea naitumia. Msalimie mama mdogo aliyetulea, lakini haya usimwambie, mwambie baba Salma hajambo na anamsalimu. Msalimie pia yule mkwe wako mwalimu aliyemwandikia Salma barua nzuri ya Idi. Majirani wakiuliza, sema tuko salama.

Ukinijibu, dada, nakuomba usinipe moyo. Usiniandikie kuhusu subira, nimeshaambiwa na kila mtu. Niandikie habari za hapo nyumbani tu, hata ndogo, nani kazaa, nani kaoa, nini umepika. Kisha mwanzo wa barua uandike jina langu kubwa, Asha, ulitaje mara nyingi uwezavyo. Humu ndani hakuna tena wa kuniita.

Mdogo wako,
Asha