Patrobas Mulama na Raundabauti ya Watu wa Baiskeli

Mwaka umeshazunguka, Baba, tangu asubuhi ile ya Agosti ulipotuacha, na nyumba yetu hapa Buruburu bado haijazoea ukimya. Redio inasoma habari na hakuna anayebishana nayo.

Watu walikujua kama Injinia Mulama, mchoraji wa barabara, mtu wa tai hata Jumamosi. Sisi tulikujua kama baba aliyeweka kikombe katikati ya meza ya chakula na kusukuma kiberiti kukizunguka huku ugali ukipoa.

"Hili ni lori," ungesema. "Na haragwe hili ni mtu wa baiskeli. Sasa tazameni."

Tulitazama. Haragwe lilikufa kila mara.

Yote yalianza na jirani yetu Nyamai, mchongaji wa vinyago, aliyekuwa akiwafunga twiga na vifaru wake kwenye keria ya baiskeli na kuwapeleka mjini. Jioni moja ya mwaka wa sabini na tisa alikuwa akizunguka raundabauti, ule mviringo wa makutano ya barabara, amejibana pembeni kama watu wa baiskeli wote, lori likakata kushoto mbele yake likitoka. Akatupwa mtaroni, mguu ukavunjika vibaya. Ulikwenda na Mama kumwona hospitalini, mfuko wa machungwa mkononi.

"Pole sana, Bwana Nyamai," ulimwambia. "Tumshukuru Mungu mikono ni mizima."

"Mikono?" Nyamai akashangaa. "Injinia, mimi huchonga nimekaa chini. Mguu ndio unaoshika gogo. Mkono unafuata tu." Kisha akakutazama. "Hebu niambie, hizi raundabauti huchorwa na nani?"

"Na sisi, ofisini."

"Na nyinyi huendesha baiskeli?"

Mama anasema ulianza kumenya chungwa ambalo hakuna aliyekuomba. Kwenu Butere baiskeli ilikuwa ya katekista peke yake, naye hakumwazima mtu. Ulikuwa mtu mzima mwenye watoto na Datsun, na hukuwahi kukanyaga pedeli hata siku moja.

Wiki iliyofuata ukaanza kujifunza kwenye kiwanja cha nyuma ya kanisa. Koki, mkewe Nyamai, alishika kiti na kukimbia nyuma yako, kanga imefungwa kiunoni. Nyamai, aliporuhusiwa kurudi nyumbani, alikaa kwenye benchi, mguu kwenye plasta, akikufokea kwa furaha ya mtu aliyepata mgonjwa zaidi yake.

"Kanyaga! Usitazame miguu, haitatoroka!"

Ulianguka na tai. Ulianguka na kofia. Ulipoacha kuanguka, ikagundulika kwamba unajua kukata kushoto tu. Kulia baiskeli ilikataa kabisa. Na raundabauti zetu, kama ulivyojua kuliko wote, huzungukwa kwa kukata kulia. Kwa muda mrefu Injinia Mulama alikuwa mtu pekee mtaani aliyezunguka kiwanja kinyume, akiwaomba radhi kuku.

Huku nyuma ulikuwa unachora. Mchoro wako wa kwanza ulikuwa na mstari mzuri mweupe kandokando ya raundabauti nzima, njia ya baiskeli peke yake, mbali na magari. Uliupenda sana. Uliubandika ukutani, juu ya picha ya harusi yenu, na Mama akaunyamazia.

Jumamosi moja, baiskeli ilipokubali hatimaye kukata kulia, ulimwaga chokaa kiwanjani, ukachora raundabauti nzima kwa vipimo vyake. Mama, ambaye wakati huo alikuwa akijifunza gari, akapewa Datsun. Wewe ukachukua baiskeli. Majirani wakaja na viti.

"Mama Ayuma, usiniogope," ulimwambia. "Endesha kama ungekuwa barabarani. Mimi nitakuwa kwenye mstari wangu."

Mlizunguka vizuri, wewe pembeni, yeye ndani. Kisha Mama akapiga indiketa, akakata kushoto kutoka, nawe ukiendelea mbele kwenye mstari wako mzuri mweupe. Datsun ikakugusa kidogo tu. Ulipaa, Baba. Ulitua katikati ya ua wa kayaba uliozunguka kiwanja, na kila anayejua kayaba anajua miiba yake.

Majirani walisimama. Mama akatoka garini, wala hakukubali kosa lisilo lake.

"Nilipiga indiketa! Nimefuata mchoro wako!"

Sauti yako ikatoka ndani ya majani.

"Mama Ayuma, hujakosea. Ni mchoro wangu. Nimewaweka watu wa baiskeli wote pale pale alipokuwa Nyamai."

Hapo Nyamai, aliyekuwa amecheka mpaka plasta ikamuuma, akautazama mguu wake.

Mchoro wa pili uliufanya ukiwa umelala kifudifudi sebuleni, Koki akikuchomoa miiba kwa sindano na Mama akikushikia taa ingawa kulikuwa mchana, ili uone kwamba bado amekasirika. Mstari mweupe ukafutwa. Mlango wa kuingia ukaufanya mwembamba na wenye kona, hata gari lisiweze kuingia ila kwa mwendo wa baiskeli. Ndani ukaacha njia moja tu, mtu wa baiskeli akae katikati yake, mbele ya gari au nyuma yake, kama mtu na mwenzake. Kwa waoga, ukijihesabu wa kwanza, uliweka kijia cha nje, kinachovuka barabara kwa mbali kidogo juu ya tuta, mahali dereva amekwisha kunyoosha gari na kuona mbele.

Mkubwa wako alipouona alishika kichwa. "Mulama, wenzako wanapanua barabara, wewe unaziba?"

"Siyo kuziba, mzee. Nataka gari liingie kama mgeni anavyoingia sebuleni."

Alicheka, na kwa kicheko hicho akakupa raundabauti ndogo ya kuingilia mtaa wetu, akidhani hakuna atakayeiona.

Ilionekana! Madereva waliitukana kwa lugha zote za Kenya. Waliiita Shingo ya Mulama, kwa wembamba wa mlango wake. Wewe ulitembea na jina hilo kama nishani. Jumapili, tukienda kanisani, ulituzungusha mara mbili, mara tatu, "tuone inavyofanya kazi," mpaka Ambani akatapika kwenye suti yake ya kipaimara.

Lakini siku tunayoikumbuka zaidi ni ile Nyamai aliporudi barabarani. Alikuja polepole, mguu mmoja bado mgumu, twiga amefungwa nyuma yake, shingo imechomoza juu ya kofia. Nyuma ya twiga lori likafika, likapunguza mwendo. Dereva akatoa kichwa.

"Wee mzee, songa!"

"Nisonge wapi? Njia ni hii moja."

Dereva akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona ni kweli. Akamfuata Nyamai na twiga wake mpaka walipotoka. Wewe ulisimama kando ukipangusa macho kwa tai, ukituambia ni vumbi. Mvua ilikuwa imenyesha siku hiyo.

Baadaye moyo ukaanza kukusumbua, ukalazwa hospitalini, ukatuaga. Tulipokusafirisha kwenda Butere, gari lililokubeba lilipita kwenye Shingo yako. Lilipotaka kuingia, mtu wa mikate akawa ameshaingia na baiskeli yake, kreti zimepangwa mpaka kisogoni. Gari likasimama. Basi la waombolezaji likasimama. Magari ya ofisini kwako yote yakasimama. Dereva akainua mkono apige honi.

"Usimharakishe," Mama akasema. "Mwenyewe angemngoja."

Mtu wa mikate alipoona jeneza alivua kofia kwa heshima, akayumba, kreti zikayumba, sote tukashika roho. Akajiweka sawa, akaendelea na mzunguko wake wote bila haraka, kofia kifuani. Hapo Mama akaanza kucheka, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, na sisi sote tukacheka naye huku tunalia, mpaka mchungaji akashuka basini kuja kuuliza kuna nini.

Unakumbukwa na mkeo Nasike, aliyepata leseni na bado hupiga indiketa hata akiingia jikoni. Wanao Ayuma na Ambani. Dada yako Aloyce-Maria kule Butere. Na jirani zako Nyamai na Koki.

Maadamu kuna mtu anayepita pale na kufika kwake salama, hatutakusahau, Baba.