Mguu Haukuwa Wako, Mama

Mama,

Kamwene. Leo sikuombei, nakuandikia tu.

Mahindi ya Kilolo tumevuna. Neema ameyaweka Kihesa, kwenye chumba ulimougulia, na sasa kinanuka magunia. Koti langu la ibada bado lina kile kifungo ulichokishona kwa uzi mweupe. Nimekataa kisibadilishwe.

Kuna jambo linaninyima raha. Ulipokuwa mgonjwa uliamini kwamba kila asubuhi nakurekodia ombi lako. Nilikuacha uamini hivyo. Kumbe nilikuwa narekodi ombi moja tu, hapa Ilomba, nikisubiri maji ya chai yachemke, nalituma kwa wagonjwa wote kwa mkupuo. Nilijisifu kwa wazee wa kanisa kwamba simu inanifikisha hata nisikokuwa na nauli. Sikuwaambia kwamba ilinisaidia pia nisione watu wanavyoumia. Naogopa, Mama. Mwinjilisti mzima, naogopa vitanda vya wagonjwa.

Majibu yako ya sauti sikuyasikiliza. Nilijua ni amina tu. Tulipotoka kukuzika Neema akaniuliza, "Kaka, zile voisi za mama ulikuwa unazisikilizaga?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya na udongo wa kaburi lako ukiwa bado kwenye viatu.

Wiki iliyopita nilizifungua. "Kamwene mwanangu. Leo umeniombea mguu. Mguu hauniumi, ni kifua. Ila nimepokea hivyo hivyo, Mungu mwenyewe atajua pa kulipeleka." Ukacheka kidogo, halafu ukakohoa, ukakohoa. Mguu ule ni wa Mama Atu, muuza ndizi wa huku kwetu, aliyeteleza kwenye tope. Siku tatu mfululizo ulisema kifua kinabana. Ulisema Neema nisimwambie, asije akafunga kibanda chake sokoni. Uliniambia mimi peke yangu, Mama. Mimi!

Ujumbe wa mwisho nimeusikiliza leo mchana. Hukusema na mimi. Ilikuwa ile redio yako ya memori kadi, ambamo Neema alikuwekea maombi yangu. Nikajisikia mimi mwenyewe nikiuombea mguu, sauti imejaa, nimeshiba. Na chini yake wewe, pumzi inakatika, unaitikia amina. Ombi likaisha. Ukalirudisha mwanzo.

Tangu mchana sauti yangu siitaki. Nikisema neno lolote humu ndani, nanyamaza kusikiliza kama utaitikia.

Sijui kama ningewahi kukufikisha hospitali. Hilo nitalibeba. Lakini kesho nakwenda kwa Mama Atu, na simu itabaki mezani. Nitakaa karibu na mguu wake, nimuulize panapouma, na sitafumba macho kuomba mpaka amalize kusema. Na wengine wote vivyo hivyo, mmoja mmoja, nikiwa na hofu yangu hiyo hiyo.

Pumzika, Mama. Ni kifua. Nimesikia.

Mwanao