Juji Hakuniuliza Kama Nilikula

Siku ya kwanza ya juma, 7/7

Nimemukosea Wilondja, jirani yangu. Ninaiandika mbele ya kila kitu, ili kesho nikianza kuzungukazunguka, hii neno inikamate.

Asubuhi nimetoka kama kila siku. Kofia ya komite ya ziwa. Filimbi. Kutembea ku plaji, muchanga wa ziwa, kwenda na kurudi. Pirogi zote, mitumbwi yetu, zimelala, matumbo juu. Serikali ilifunga ziwa tangu mwezi wa tano, samaki wapate kuzaa. Kazi yangu ni kuangalia muntu asiingie mu maji. Zamani nilikuwaka muvuvi. Sasa miye ni macho ya komite.

Pale pirogi ya Wilondja ililalaka hakuna kitu. Walishaiburuta mpaka ku biro ya serikali. Ku muchanga kumebaki jivu tu. Wavu yake waliichoma juzi, siku ya posho, pamoja na vyandarua vya wengine, vyenye kukamata hata watoto wa samaki. Yake haikuwa chandarua. Matundu yake ni makubwa, vile sheria inataka. Kosa yake ilikuwa siku tu, kuvua wakati ziwa imefungwa, haikuwa wavu. Nilijua. Sikusema. Nailoni ikiungua, harufu inaingia mu nguo. Shati hii nimeifua, bado inanuka.

Yeye mwenyewe iko mu kasho, amefungwa.

Miye njo nilimushitaki.

Siku ya pili, 8/7

Kushitaki haiko kosa. Nataka tusikilizane hapo na roho yangu. Ziwa inaisha. Wakati ya baba, ndakala, dagaa zetu, tulikuwa tunawatupia bata. Sasa muntu anakesha mu maji, anarudi na beseni moja. Tusipofunga, wajukuu watakula mawe. Sheria ni muzuri. Wilondja aliivunja. Muntu akaona, akasema. Kosa iko wapi?

Iko hapa.

Mwezi wa sita alikuja kwangu, akakaa ku kiti ya plastiki, kofia mu mikono. Akasema, Papa Feza, watoto hawana kitu mu tumbo, na ku Fizi siwezi kurudi, unajua vile kuko. Najua. Kule ni vita. Alifika hapa na pirogi, bibi aliyeoa, na watoto. Siye wa hapa, ziwa ikifungwa, tuko na mihogo ku barabara ya Niemba. Yeye shamba yake ni maji.

Nikamujibu: "Wilondja, miye usiku ninalalaka."

Tukacheka wote wawili. Ile kicheko ilikuwa ruhusa.

Toka pale, kila akiingia mu maji, asubuhi sahani inafika kwangu, imefunikwa. Samaki mikebuka miwili. Siku ingine kuhe munono. Na haikuwa kwangu tu, nyumba nyingi za avenyu, mutaa wetu, zilipata. Nilikula. Nililamba vidole.

Baba alitufundisha: ukikula ku wavu ya muntu, kinywa yako imefungwa juu ya ile wavu. Ukitaka kumusema, kwanza umurudishie sahani yake imejaa. Watu wote wa ziwa wanajua ile. Haiandikwe popote.

Siku ya ine, 10/7

Sababu. Niiandike bila nguo.

Siku moja sahani haikuja. Nilikaa ku mulango, bukari, ugali yangu, inapoa, ninaangalia bibi yake akipita na masahani. Nyumba ya kushoto, akaingia. Ya kuume, akaingia. Kwangu, hapana. Nikasema labda samaki walikuwa kidogo. Mara ya pili, vile vile.

Nikajaa sumu. Nikasema, huyu mugeni ameshiba, sasa ananizarau. Miye niliyemufungulia ziwa.

Asubuhi ile nilivaa kofia, nikaenda ku biro. Nikawaambia, nimemuona Wilondja mu maji, wageni wa Fizi wanamaliza ziwa yetu. Nilisema "yetu". Nilisema "wageni". Maneno ilitoka yenyewe, kama ilikuwa inangoja mulangoni. Waliandika. Prezida wa komite akanipiga mukono ku bega.

Taa ya mutoto wa shefu, akivua usiku, tunaionaka wote mu maji, hata sasa. Tunasema ni nyota.

Sikumushitaki Wilondja juu ya ziwa. Nilimushitaki juu ya sahani.

Siku ya Mungu, 13/7

Kanisani. Pasta alihubiri, akasema mwenye kutii serikali anamutii Mungu. Watu wamoja waligeuka, wakaniangalia na heshima. Nilitaka kuingia chini ya benchi.

Tukitoka tukakutana na Mama Riziki, bibi ya Wilondja, na sufuria ku kichwa. Anaipeleka kasho. Kule muntu wako asipokuletea, hukuli. Hakunisalimia. Alimusalimia bibi yangu, Mama Feza, na upole. Ile imenishangaza.

Siku ya pili, 15/7

Nimepelekea Mama Riziki maharagi na unga. Nilifikiri nitaweka ku mulango, niende. Alikuwa amekaa pale pale, anasuka mukeka.

"Papa Feza, hii ni ya nini? Ni matanga? Bwana yangu hajakufa."

Nikasema ni ya jirani tu.

"Jirani!" Akacheka ile kicheko ya kukata. "Sahani yako tuliileta. Mara mbili. Mama Feza alinirudishia ku mulango wa nyuma, imejaa vile vile. Alisema, mama, unisamehe, ku nyumba hii samaki ya kuiba haiingii tena. Sikumuchukia. Aliniambia mu macho. Weye ulikula kwetu, ukafuta kinywa, ukatuchoma."

Unga aliipokea. Watoto walikuwa wanaangalia.

Nimerudi nyumbani. Mama Feza alikuwa anachambua sombe, majani ya mihogo. Nikamuuliza. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo, niliirudisha. Bwana yangu anavaa kofia ya kuchunga samaki, na bwana yangu anakula ile samaki. Nilipata haya."

"Na hukuniambia juu ya nini?"

"Uliniuliza?"

Siku ya tatu, 16/7

Bibi yangu aliona zambi, akaikataa. Hakuumiza muntu. Wilondja alivunja sheria, akalisha avenyu muzima. Miye nilikula kwanza, kisha nikatii sheria. Ku macho ya serikali, kati yetu watatu, miye njo raia muzuri. Wamenipa filimbi mupya.

Siku ya tano, 18/7

Karatasi imefika. Wananiita ku tribinali, kwenye kesi ya Wilondja, siku ya kwanza ya juma. Shahidi.

Siku ya posho, 19/7

Prezida wa komite alipita hapa. Alikunywa chai yangu, akasifu kuku zangu, kisha akaingia mu neno. Nikifika kule, niseme nilichoona, nisiongeze chumvi.

Nikamuuliza, na kama ninasema nilikula?

Alicheka mpaka chai ikamupalia. "Papa Feza! Nani hakukula? Unataka kasho ijae komite?"

Kisha akaacha kucheka. Akasema nifikiri watoto wangu. Akatoka. Kikombe aliacha nusu.

Siku ya kwanza, 21/7

Imeisha. Nimefanya mubaya zaidi.

Juji, mwenye kukata kesi, ni kijana, ametoka Lubumbashi, kiatu yake inangaa. Anauliza mambo yake vizuri, bila makelele. Nilimuona Wilondja mu maji? Ndiyo. Ziwa ilikuwa imefungwa? Ndiyo. Alijua kama imefungwa? Ndiyo. Kila jibu ilikuwa kweli. Ningeweza kuapa tena.

Wilondja alisimama bila viatu. Amekonda, shingo kama ya kuku. Hakuniangalia na kasirani. Aliniangalia vile muntu anaangalia pirogi yenye kuja kumuchukua. Alikuwa ananingoja. Ile neno ya sahani, yeye pia anaijua.

Juji akamuuliza kama iko na neno. Akasema, nilikosa, watoto walikuwa na njaa, Papa Feza anajua.

Juji akanigeukia. "Shahidi, unajua nini?"

Nilisikia muntu anakohoa nyuma. Nikasema: "Najua aliingia mu maji."

Wilondja akaangusha macho. Hakuniangalia tena.

Kifungo mpaka Noeli ipite. Na pirogi inakuwa ya serikali.

Njia yote ya kurudi nilikuwa ninajiambia: juji hakuniuliza kama nilikula. Hakuniuliza kama nilikula. Nikafika nyumbani na ile, kama muntu amebeba mufuko ya mavi, anasema ni samadi.

Siku ya ine, 24/7

Ku plaji vijana wanabishana. Mumoja anasema haki ni kila muntu na yake. Watu wa Fizi na yao, siye wa hapa na yetu, serikali na yake, na mwenye nguvu njo anaandika. Ningependa iwe vile. Ningelala vizuri.

Lakini Wilondja alizaliwa mbali, baba yake na baba yangu hawakuonana hata siku moja, lugha yao ingine. Na neno ya sahani alikuja nayo kutoka kwao. Nani alimufundisha? Wakati aliniangalia ku tribinali, wote wawili tulijua ninapaswa kusema nini. Hakuna aliyetuandikia. Ile haiko yake, haiko yangu. Ilitutangulia.

Na ziwa pia iko na haki yake. Kama kila mwenye kula anafunga kinywa, samaki wataisha na tutakufa tukiwa watu wazuri. Hapo ninashindwa. Sijasoma sana.

Kitu kimoja tu najua. Sheria ilikuwa mukuki muzuri, wa kuchunga ziwa. Miye niliiazima, nikamuchoma nayo jirani. Mukuki haina kosa. Ila damu iko ku mukono wangu, haiko ku ile ya juji.

Siku ya tano, 25/7

Nimekwenda gereza na sufuria. Nilifikiri Wilondja atakataa kutoka. Ametoka.

Alikula. Alikula yote mbele yangu, polepole, akafuta sufuria na kidole. Akasema, chakula yako sikatai, njaa haina kiburi. Kisha akasema, siku ile nilikungojea.

Nikafungua kinywa, machozi ikatangulia. Muntu muzima kama miye, mbele ya walinzi.

Yeye hakulia. Alisema kifungo itaisha, hiyo haimutishi. Wavu anaweza kusuka ingine. "Lakini pirogi njo mikono yangu. Nikitoka hapa bila pirogi, natoka kwenda wapi? Kuwa mubeba mizigo ku bandari, na hii umri? Watoto wakule nini?"

Nikatoka pale, nikamutafuta avoka, wakili aliyemusaidia ku kesi. Mwanamuke, hana biro, anafanyia kazi ku kivuli ya ukuta wa tribinali. Nikamwambia yote. Akasema apeli, kukata rufaa, bado inawezekana mpaka mwisho wa mwezi. Kama muntu wa komite anakuja kusema alimupa ruhusa, juji wa juu anaweza kupunguza, anaweza kurudisha pirogi. Anaweza. Haapi.

"Lakini Papa, na weye utaingia mu dosie, karatasi za kesi. Unaelewa? Haitakuwa mazungumuzo ya kanisani."

Ninaelewa.

Siku ya posho, 26/7

Nimeogopa siku nzima. Niandike tu vile iko. Niliwaza kutoroka kwa dada yangu ku Moba, boti inaondoka leo. Nilifika mpaka bandari. Niliona watu wakipanda na mbuzi zao. Boti ikaenda. Nikarudi na miguu.

Siku ya Mungu, 27/7

Sikuenda kanisani. Nilibaki na Mama Feza, kwanza nikamwambia juu ya tribinali, kisha juu ya kesho. Nilingoja anikataze. Aliuliza shati gani nitavaa. Nikasema ile nyeupe. Akaichukua, akainusa, akaifua tena.

Mu kabati tulipata sahani ya kijani ya Mama Riziki, ile ya mara ya mwisho nilikula. Hatukuirudisha kamwe. Mama Feza aliijaza bukari na kuku mumoja wa wale prezida alisifu, akaifunika, akaipeleka mwenyewe. Amerudi mikono mitupu.

Kofia na filimbi ziko ku meza. Nitaziacha kwa prezida nikipita.

Ziwa imetulia. Hakuna taa, hata ile nyota yetu.

Kesho, siku ya kwanza, 28/7. Avoka atanikuta ku ukuta wa tribinali, mbele ya kufunguliwa kwa grefe, biro yenye kupokea apeli. Nitaingia naye. Nitasema: nilimupa ruhusa. Nilikula. Nilimushitaki juu ya sahani. Mumurudishie pirogi yake, na muniandike na miye.