Kina cha Shimo

9 Mei 1991

Mama,
Shikamoo. Mimi mzima, ni vumbi tu la hapa kituoni linanikohoza. Mgongo wa baba unaendeleaje?

Nimeumia kusikia ng'ombe wa pili naye kafa kwa njaa. Sasa nisikilizeni. Hapa tunapotengeneza chakula cha mifugo tumejaribu maganda mabichi ya kahawa, yale yale mnayoyamwaga mtoni. Chimbeni shimo, mtandike nailoni, mmwage maganda, myakanyage sawasawa, mfunike hewa isiingie. Kila mkipata mengine ongezeni, mkanyage tena. Baada ya miezi miwili, changanyeni na majani, huyo ng'ombe aliyebaki atakula. Mwambie baba asidharau.

Bintiyo

2 Juni 1991

Mwanangu,
Marahaba. Sisi wazima, na mgongo wa baba yako ndio ule ule, haupoi wala hauzidi.

Nilimsomea barua, akacheka. "Nimemsomesha miaka yote hiyo aje anifundishe kuzika taka?" Jirani yetu fundi baiskeli akadakia kwamba ng'ombe akila kahawa hatapata usingizi. Lakini asubuhi nikamkuta mzee anachimba. Unamjua, hakubali kwa mdomo. Kwa kuwa uwanja wetu ni mdogo, ameenda chini badala ya kwenda pembeni. Anashuka kwa ngazi, na akisimama ndani sioni hata kofia. Anasema kina ndicho kitakachozuia hewa. Jumamosi tunaanza kuvuna, naye aanze kujaza. Ukimwona utadhani kaposa upya.

Mama yako

11 Juni 1991

Mama,
Shikamoo. Mengine baadaye. Baba asishuke shimoni.

Shimo letu hapa lina kina cha magotini, ni refu kwenda mbele, mtu anaingia akitembea. Ndiyo maana sikufikiri kuwaandikia kina. Maganda yakianza kuchacha yanatoa hewa mbaya, nzito, inalala chini kama maji kwenye ndoo. Anayeivuta anaanguka pale pale, na anayemfuata naye anaanguka. Fukieni hilo, mchimbe lingine la kina kifupi. Kosa ni langu. Barua hii nampa dereva wa lori la kahawa, posta siiamini.

Bintiyo

24 Juni 1991

Mama,
Shikamoo. Dereva anaapa alikukabidhi mkononi. Mbona kimya? Nijibu hata mstari mmoja.

Bintiyo

7 Julai 1991

Mwanangu,
Marahaba. Afya yangu usiniulize.

Barua yako ililetwa tarehe kumi na mbili, tukitoka kumzika baba yako. Alishuka siku ya tatu ya mavuno kwenda kukanyaga. Nilisikia ngazi ikianguka, nikaita, kimya. Nikataka kuruka. Fundi baiskeli akanishika kiuno, nikamng'ata mkono, hakuniachia. Walimtoa kwa kamba.

Watu wakasema ni moyo. Nikaona heri. Barua yako nikaiweka chini ya godoro, nikaapa nitakufa nayo. Nikakataza usipelekewe habari, hata dereva nikamsihi anyamaze, maana nakujua, ungefika ukayasema yote mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo.

Juzi fundi baiskeli kaja kuazima ngazi yetu. Naye kachimba shimo, kina kile kile, anasema ni kwa heshima ya rafiki yake. Maganda yake yalikuwa na siku nne. Nikamnyima ngazi, akasema ataazima kwingine. Ningefanyaje? Nikaitoa barua, nikamsomea yote, hata pale ulipoandika, "Kosa ni langu." Akakaa chini. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua, na baba zako wadogo pia. Wanasema usikanyage hapa.

Shimo lake kalifukia. Ana watoto watano.

Usije kwanza. Si kwa ajili yao tu. Sitaki kukudanganya, mwanangu, nina hasira na wewe, na sijui itaisha lini. Lakini niandikie. Hata nisipokujibu, wewe niandikie.

Mama yako