Mama Mkwe Anatazama Muziki

Milimani, Morogoro
Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza na goti lako kabla ya mengine yote, kwa sababu nina hakika Yustina akiniandikia kwa niaba yako hulipunguza makali ili nisihangaike. Je, unaweza kuinama shambani? Mvua zimeanza huko, na maharage yameshaota? Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Na wewe Yustina unayesoma, soma yote kwa sauti, usiruke pale kaka yako anapoaibika.

Sisi huku hatujambo. Paulina anashuka mjini na karoti zake na kurudi amechoka, lakini ni mzima. Wadogo wana mafua ya baridi ya huku juu, ambayo hayaishi, yanahama tu kutoka pua moja kwenda nyingine. Mimi na chaki zangu tunaendelea.

Uliuliza umtegemee lini mjukuu wako Felista. Mama, sijui. Nafasi nimempatia katika ile sekondari mpya ya wasichana huko Kasulu, karibu na kwako, na wewe ulikubali akae nawe. Kilichobaki ni ruhusa, na ruhusa si yangu. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba ni mtu wa kuheshimiwa na kupewa kiti. Mwenye neno la mwisho ni mama mkwe wangu, Bibi Paskalia, na huyo ndiye anayefunda wasichana wa kijiji hiki chote. Felista amevunja ungo. Bibi yake akasema mwali haendi popote mpaka awekwe ndani, afundwe, na achezewe ngoma baada ya mavuno. Ikiwa hivyo, Januari shule itafunguliwa yeye yuko chumbani, na nafasi yake atapewa mwingine. Nimekonda kwa ajili ya jambo hili, Mama, sikufichi.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana mpaka leo bado nayashangaa.

Shemeji Beatus, kaka yake Paulina, alikuja kututembelea kutoka Dar es Salaam. Anauza redio na vyombo vya umeme, maana siku hizi vitu vya nje vimeruhusiwa na maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Alikuja na televisheni, deki, jenereta ndogo, na kanda za video alizorekodi muziki kutoka kwenye hivyo vituo vipya vya televisheni vya huko. Vijana walivipandisha mlimani kichwani. Beatus aliporudi kwake aliviacha nyumbani kwetu, kwa kuwa mlango wetu una kufuli. Tangu vifike, kila Jumapili baada ya misa sebule yangu inajaa watu kama kanisa limehamia kwangu.

Kuna jambo moja lazima ulielewe kwanza. Huku mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja. Nikikutana na Bibi Paskalia njiani, natoka pembeni na kuitazama migomba mpaka apite. Tangu nimwoe Paulina sijamwona akila hata ndizi. Akiwa na neno nami humwambia Paulina, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia, nami namjibu Paulina. Ndiyo heshima yenyewe, na nimeshaizoea.

Basi Jumapili ya kwanza Bibi naye akaja kutazama. Tukawaza akae wapi. Beatus, ambaye alikuwa bado hajaondoka, akamwekea kiti nje, dirishani, akaigeuza televisheni ielekee huko. Mimi nikakaa ndani, chini ya dirisha hilo hilo, mgongo ukutani. Yeye nje, mimi ndani, ukuta katikati yetu, na wote tunatazama kioo kimoja. Tukaona tumepatia kabisa.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Wazaire. Wewe unawajua, tumelelewa na redio za ng'ambo ya ziwa, lakini Mama, hatukuwahi kujua wanavaa nini! Suruali zimepandishwa mpaka karibu na kwapa, makoti yanang'aa, na mpiga gitaa anacheka peke yake kana kwamba amekumbuka jambo la jana. Nilikuwa nimekodoa macho kwa furaha. Mara wakatokea wanawake, wakatugeuzia mgongo, wakaanza kukatika viuno. Kisha sauti ikatoka dirishani:

"Paulina! Mkwe yumo humo?"

"Yumo, mama."

"Na anatazama?"

Nikainuka. "Naenda kuangalia jenereta," nikasema, na watu wote wakaangua kicheko.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi mpya. Wakitokea wa kukata viuno, mimi naenda nyuma ya jiko kuangalia jenereta. Wakivaa vizuri, narudi. Video zote nimeziona nusu nusu, na nusu nyingine naijua kwa kumsikiliza mama mkwe, ambaye sauti yake inashinda jenereta. Siku ile nilimsikia akisema, "Kiuno wanacho. Ila hakuna aliyewaambia kianze lini na kiishie wapi." Nikatabasamu peke yangu. Halafu akaongeza, "Huko ndiko mkwe anakotaka kumpeleka mjukuu wangu?"

Kumbe kwake mbali ni mahali pamoja tu. Dar, Zaire, Ulaya, Kigoma, vyote viko ndani ya lile sanduku.

"Kasulu si huko, mama," Paulina akamwambia.

"Wewe umefika?"

Kweli, Paulina hajafika.

Jumapili iliyofuata nikajifanya mjanja. Jumamosi nilizipitia kanda zote na kupanga nyimbo zenye watu waliovaa. Tukaanza na Wamarekani weusi, vijana wazuri, mashati meupe, wanaimba mvuani huku wanajishika kifua. Nyuma yao kuna jumba kubwa lenye taa kila dirisha. Mama mkwe akawatazama kwa huruma. "Nyumba ile si yao?"

"Ni yao, Bibi," Felista akajibu.

"Basi wamepoteza funguo?"

Watu wakacheka, lakini nami nilikuwa najiuliza hilo hilo. Wiki nzima nimelifikiria na sijapata jibu. Kwa nini hawaingii ndani?

Akaja Mzungu mmoja wa kike, gauni refu jeupe, anakimbia jangwani huku anaimba. Bibi akauliza anamkimbia nani. Tukatazama wote kwa makini, hakuna mtu nyuma. Felista akarudisha kanda, bado hakuna. "Mwacheni," Bibi akasema. "Kuna kitu kimemkuta nyumbani, hataki kukisema." Baada ya hapo Wahindi, bwana na bibi wanafukuzana mlimani kati ya maua, na bibi yule kila akizunguka mti anatokea na nguo nyingine. Wasichana wakashangaa nguo anabadilishia wapi. Mama mkwe alishangaa viatu. Alisema mlima ule una mteremko kama wetu, na mwanamke anayeupanda kwa visigino vile bila kuanguka anastahili kuheshimiwa, hata kama mwanamume aliye naye hana kazi.

Nikaanza kupata matumaini. Lakini mwisho wa kanda walikuwepo vijana wa Dar wanaoimba kwa kusema maneno haraka haraka, suruali pana, vidole vinatuonyesha sisi. Felista anayajua maneno yote, sijui ameyajifunzia wapi.

"Wanamgombeza nani?" Bibi akauliza.

"Hawagombezi, Bibi. Wanajisifu. Kila mmoja anasema hakuna kama yeye."

"Wote? Wote hakuna kama wao?" Alicheka mpaka akakohoa.

Hapo hapo wakaingia wasichana wenye vikaptula, ambao siku ya kupanga sikuwaona maana nilikuwa nimekwenda kuwafukuza mbuzi. Nilitoka mbio na kuzima jenereta. Nikasema mafuta yamekwisha. Mara nikasikia, "Paulina, mwambie mkwe dumu nimeliona, limejaa. Mwambie na hili. Mimi nimecheza ngoma yeye hajazaliwa, haya ya kwenye kioo hayanitishi. Ninachokionea haya ni yeye kuwapo." Nikawasha tena, nikabaki huko huko nyuma ya jiko na moshi wangu. Nilijua Felista amekosa shule.

Leo sasa. Zilibaki nyimbo za Afrika Kusini. Mbele anaimba mama mtu mzima, mnene, amejifunga blanketi na shanga shingoni, sauti nzito ya kutoka tumboni. Nyuma yake wasichana kwenye mstari, miguu mitupu, wanainua mguu juu na kuushusha wote kwa pamoja, puu! Maneno hatukuyaelewa, ila kila baada ya muda linapita moja linalofanana na letu na watu wanashtuka. Nilibaki ndani, kwa kuwa walikuwa wamejifunika vizuri. Ulipokwisha, Bibi akasema, "Rudisha."

Felista akarudisha. Ukaisha. "Rudisha." Nadhani tuliutazama mpaka kanda ikaanza kulia. Nikawaza, ametafuta kosa na amelipata.

"Hawa wamefundwa," akasema. "Mtazameni yule wa mwisho, mwembamba. Anachelewa. Sasa mwangalieni mama. Hageuki, lakini mkono wake unashuka hivi, na yule mtoto anaingia. Mmeona? Hawatazami, lakini anawaona."

Tukaangalia, na kweli. Nimezaliwa na macho mawili, Mama, nisingeliona jambo lile maisha yangu yote.

Halafu akasema, "Mkwe."

Hakumwita Paulina. Aliniita mimi. Nikasimama nimeuelekea ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. "Naam, mama."

"Mama yako anacheza?"

Sebule nzima ilinigeukia. Nilisema, "Alikuwa anacheza, mama. Siku hizi goti."

Hakucheka. "Mmeniletea mama wa kila nchi kwenye dirisha hili. Wazungu, Wahindi, Wazaire, na huyu mwenye blanketi. Yule mmoja ninayeombwa kumpa mtoto, sijawahi kumwona hata uso."

Mama, ni kweli. Mahari alikuja kutoa baba mdogo, wewe ulikuwa unamuuguza marehemu baba, na baada ya hapo ni safari, mashamba, goti. Hakuna wa kulaumiwa. Lakini nilipomsikia akisema hivyo nilielewa kwamba miezi yote hii hakuwa anaikataa shule. Mimi nilikuwa nikimweleza juu ya madarasa, masista na mitihani, na yeye alikuwa anangoja nimtaje mtu.

Masharti yake ameyatoa kwa Paulina kabla sijaanza kuandika. Felista anaanza kufundwa sasa hivi, kwa kuwa amekwishamaliza la saba na hana shule. Mwali atatolewa kabla ya Januari, kwa ngoma ndogo. Bibi amesema ni haraka mno na atajieleza mwenyewe kwa wazee wake. Lakini hatamtoa mtoto apande treni peke yake, na hatanikabidhi mimi. "Siku nitakayomtoa, mama wa mkwe asimame hapa nje, nimshike mwali mkono, nimkabidhi yeye. Asipokuja, mwali atabaki ndani mpaka mavuno." Ndivyo alivyosema, na mwanamke huyu hasemi mara mbili.

Najua utakalojibu. Utasema goti, utasema kuku, utasema safari ya treni imewashinda hata vijana. Kuku ni wa Yustina, asijifanye hasikii. Beatus nitamwandikia akungoje stesheni ya Morogoro, na vijana walioipandisha televisheni wamesema watakupandisha na wewe kwenye kiti, nao hawakuikwaruza hata kidogo. Usicheke, hawatanii. Felista ameingia ndani kwa bibi yake leo hii hii. Simwoni tena, namsikia tu kupitia ukutani akimuuliza bibi yake maswali, na bibi anamjibu kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo. Kabla hajaingia aliniuliza, "Baba, bibi wa Kasulu atakuja?" Nimemwambia naandika barua. Sikuthubutu kumwambia zaidi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie wakwe zake huku bado wanausimulia ulaji wake wa siku ya mahari. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto, mke wa marehemu kaka na watoto wake, na yule mzee jirani aliyenifundisha kusoma, kama bado anaona vizuri. Paulina anakuamkia, na wadogo pia, na mafua yao.

Nilipofika hapa Paulina ameingia na kuniuliza mgeni atalala wapi akija. Nikasema hapa kwetu, tutawahamisha watoto. Akatikisa kichwa. Anasema mama yake ameshatoa shuka mpya na kutandika kitanda chake mwenyewe kwa ajili ya mama Raphael, na yeye mwenyewe leo analala chini kwenye mkeka, kusudi azoee kabla hujafika.

Mama, njoo.

Mwanao anayekungoja,
Raphael